Saa Tatu na Dakika Kumi na Nne Usiku

Nimeegesha basi kituo cha mwisho, Todmorden,
taa za ndani nimezima.
Mvua ya huku hainyeshi, inakaa tu hewani
kama mgeni asiyejua saa ya kuaga.
Nina dakika saba kabla ya kurudi Halifax
na simu imeegemea usukani.

Baritoni. Imetumika. Vanishi imebanduka.
Vali mbili zinashuka, ya tatu imekwama.
Mbonyeo mmoja ubavuni, "haudhuru sauti".
Inauzwa kama ilivyo.
Picha nne, zote za mkono wenye haraka:
zulia la maua, ncha ya mkia wa paka,
na shaba yenyewe imelala kifudifudi
kama mtu asiyetaka kutambuliwa.

Habari za mbuzi kwenye gunia nazijua.
Nilishanunua mmoja: koneti kutoka Hull,
ikafika na harufu ya samaki na ufa
ambao hakuna picha iliyouona.
Lakini Tatu ana miaka kumi na mmoja,
na chombo alichoazimwa na bendi ya watoto
lazima kirudi kabla ya Pasaka.
Anafanyia mazoezi chooni, kwa ajili ya mwangwi,
na Bi. Greenwood wa nyumba ya pili hugonga ukuta.
Si kwa hasira. Anamhesabia mapigo.

Naweka arobaini.
Mtu anaweka arobaini na tano.
Jina lake ni herufi moja, vinyota, na namba nane.
Naweka sitini. Sitini na tano, papo hapo,
kama aliyekuwa amenikalia mlangoni.
Mia. Mia na kumi.
Nani wewe, bwana, mwenye kiu ya vali iliyokwama?
Najiambia ni tajiri wa London, ataing'arisha
aitundike baa, na balbu ndani ya kinywa chake.
Hasira inanikopesha paundi ishirini nisizokuwa nazo.
Mwanamke anagonga mlango wa basi kwa mpini wa mwavuli.
Dakika mbili, mama.
Sekunde tisa. Mia na themanini na tano: yeye.
Mia na themanini na saba: mimi.
Kimya.
Kisha maandishi ya kijani: Hongera.
Hongera, kama niliyejaliwa mtoto!
Nikafungua mlango. Mwanamke akaniuliza kama ninaumwa.

Ilifika Jumatano ndani ya boksi la kikaangio.
Mfukoni mwa mkoba wake, karatasi ya peremende
na ukurasa wa nota wenye mwandiko wa penseli:
"Pumua hapa, Wilf, si kule."

Alhamisi, ukumbini, Bwana Sugden,
aliyeongoza bendi tangu meno yake yakiwa yake,
akaiinamia, akaupapasa mbonyeo
kama daktari anayemjua mgonjwa.
"Mia na themanini na saba," akasema.
Bei sikuwa nimemwambia mtu. Hata mama Tatu.
"Nilikuwa naitaka," akasema, "ya..."
na kidevu chake kikamwonyesha binti yangu
anayehangaika na zipu ya koti.

Vita vya panzi, furaha ya kunguru.
Nikamwona kunguru wetu huko Grimsby,
juu ya zulia lake la maua, anahesabu noti,
paka miguuni.
Hatukucheka mara moja. Alianza yeye, kwa pua.

Baadaye alinisogezea bahasha. Nikaisogeza kwake.
Ikaenda, ikarudi, ikachoka mezani.
Basi akaja nyumbani na chupa ya mafuta,
kitambaa, na kinyundo cha mbao,
akakaa jikoni na chai iliyopoa,
siku nne, anaibembeleza vali
kwa maneno ya Yorkshire ambayo bado siyaelewi.
Jumatatu ikashuka.
Ikapanda.

Tatu akaingia chooni, akafunga mlango.
Sauti ilitoka nene, yenye mkwaruzo mwanzoni,
kama mtu anayesafisha koo baada ya miaka mingi ya kunyamaza.
Ikaisha. Tukasubiri, mafuta vidoleni.
Kisha, upande wa pili wa ukuta, bila haraka:
moja,
mbili,
tatu.